Ramani Mbili: Maisha na Athari ya Anton Chekhov

Anton Pavlovich Chekhov alizaliwa tarehe 29 Januari 1860 katika Taganrog, mji wa bandari kwenye Bahari ya Azov, kusini mwa Urusi. Babu yake, Yegor, alizaliwa akiwa mali ya bwana. Yeye, mkewe na watoto wao walihesabiwa pamoja na mashamba na mifugo ya tajiri, mpaka mwaka 1841 alipojikomboa yeye na familia yake kwa akiba aliyoidunduliza kwa miaka mingi. Utwana wa aina hiyo ulifutwa Urusi nzima mwaka 1861, Anton akiwa bado ananyonya. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa miaka 12 baadaye. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu juu ya maana ya kuwa mjukuu wa mtu aliyewahi kuwa na bei.

Duka la baba yake, Pavel, liliuza chai, sukari, mafuta ya taa, samaki wa chumvi na karibu kila kitu ambacho mtu wa bandarini angekiulizia. Wauzaji walikuwa watoto. Anton alitoka shule akakaa dukani hadi usiku, na siku za ibada aliamshwa kabla ya mapambazuko akaimbe katika kwaya iliyoongozwa na baba huyo huyo, mtu wa dini sana na wa kiboko vilevile. Mwaka 1876 duka lilifilisika. Baba alitoroka wadai akakimbilia Moscow, familia ikamfuata, na Anton akaachwa nyuma peke yake, mwenye miaka 16, amalize shule. Kwa miaka mitatu alijilipia kwa kufundisha watoto wa watu tuisheni, akauza vyombo vilivyobaki nyumbani, na senti alizopata akazigawa na wazazi wake.

Mwaka 1879 alijiunga na Chuo Kikuu cha Moscow kusomea udaktari, na hapo ndipo uandishi ulipoanza, kwa sababu ya njaa. Magazeti ya vichekesho yalilipa kwa mstari. Chekhov aliandika usiku, mezani, katikati ya kelele za ndugu zake, na kazi zake akazitia sahihi za mzaha. Iliyojulikana zaidi ni Antosha Chekhonte. Mhariri wa gazeti la Oskolki hakutaka hadithi izidi mistari 100 hivi. Mwandishi mwingine angeona amefungwa kamba. Yeye alijifunza humo kazi ambayo hakuna chuo kingemfundisha: kumtambulisha mtu kwa kitu kimoja tu, kofia au kikohozi, na kuondoka kabla mgeni hajachokwa.

Hadithi mbili za miaka hiyo zinasomeka leo kama zimeandikwa jana. Katika moja ya mwaka 1883, karani mdogo anapiga chafya kwenye jumba la michezo na mate yanamrukia mkubwa mmoja wa serikali aliyeketi mbele. Mkubwa hajali. Karani ndiye anayejali: anaomba radhi, anaomba tena, anamfuata ofisini kuomba mara ya tatu, hadi mkubwa anafoka amtoke mbele yake. Karani anarudi nyumbani, analala kwenye kochi na sare yake ya kazi, anakufa. Nyingine, ya 1884, inaitwa Kinyonga. Ofisa wa polisi anaamua kesi ya mbwa aliyemng'ata mtu sokoni, na hukumu yake inageuka kila anapotajiwa mwenye mbwa: akiwa wa mtu wa kawaida auawe, akiwa wa jenerali basi aliyeng'atwa ndiye mkosa. Jina la hadithi hiyo halihitaji mfasiri. Kinyonga ni kinyonga Urusi na Uswahilini.

Hadithi inayostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni ile ya Januari 1886 ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa Majonzi. Iona Potapov ni mzee anayeendesha gari la farasi la kukodi katika jiji la Petersburg. Theluji inamwangukia mabegani naye hata haipangusi. Mwanawe amefariki wiki hiyo. Anapanda abiria wa kwanza, ofisa wa jeshi; Iona anageuka amweleze, ofisa anauliza kifo kilisababishwa na nini, kisha anamhimiza aongeze mwendo. Wanafuata vijana watatu waliolewa, wanaomtukana na kumpiga kibao cha shingo. Anamjaribu mlinzi wa mlango, akafukuzwa. Anamjaribu kijana mwendesha gari mwenzake chumbani kwao. Kijana amekwisha lala. Mwisho Iona anakwenda bandani, anamtazama farasi wake akitafuna nyasi, na kwake ndiko anakoyasimulia yote, toka mwanzo.

Kwa Mswahili hadithi hiyo ina uchungu wa pekee. Msiba kwetu una taratibu zake: watu hukaa matanga, jamvi hutandikwa, na neno pole hutolewa hata na mpita njia asiyemjua marehemu. Iona hana matanga. Ana jiji zima la watu na hakuna hata mmoja wa kumpa pole. Chekhov hasemi kwamba jiji ni baya, wala hamkemei ofisa. Anaishia pale pale bandani, farasi akipumua mikononi mwa bwana wake.

Alihitimu udaktari mwaka 1884, na mwaka huo huo akatema damu kwa mara ya kwanza. Alikuwa daktari, alijua ni nini, na kwa miaka 13 alijifanya hajui. Machi 1886 mwandishi mzee mwenye jina, Dmitri Grigorovich, alimwandikia barua ya kumsifu na kumwonya asikipoteze kipaji chake kwa kuandika harakaharaka. Barua hiyo ilimtikisa. Kasi ikapungua, hadithi zikarefuka, jina lake halisi likazidi kutokea chini ya kazi zake. Mwaka 1888 Chuo cha Sayansi kilimpa Tuzo ya Pushkin, na katika mwaka huo ilitoka Nyika, hadithi ndefu ya mtoto wa miaka tisa anayesafirishwa kwa mkokoteni kupelekwa shule ya mbali. Hakuna kisa ndani yake, kuna njia tu: joto, vumbi, ndege mmoja angani, kinu cha upepo kinachoonekana mbali na kisichofikiwa kwa saa nzima. Anayeijua Ugogo, katikati ya Tanzania, wakati wa kiangazi, kutoka Gulwe kuelekea Dodoma, mibuyu ikisimama pale pale huku safari ikiendelea, hatapata shida kuielewa nchi hiyo, ingawa hajaona kinu cha upepo maishani mwake.

Mwaka 1888 pia Chekhov aliandika tanzia ya mvumbuzi wa Kirusi Nikolai Przhevalsky, na humo alimtaja Henry Stanley kama mfano wa mtu mmoja mwenye thamani kuliko vyuo vingi na vitabu vingi vizuri. Stanley alikuwa amepita Mpwapwa, mji wa Ugogo, mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na wapagazi aliowatumia katika safari zake, waliochapwa na waliokufa njiani, hawamo katika sifa hizo. Chekhov alimjua Stanley kwa kusoma tu. Miaka miwili baadaye alikwenda mwenyewe kuona jinsi dola inavyofanya kazi kwenye ncha yake.

Safari hiyo ilikuwa ya Sakhalin, kisiwa cha wafungwa mashariki kabisa mwa Urusi. Aliondoka Moscow Aprili 1890. Reli ya Siberia ilikuwa haijaanza kujengwa, hivyo alipita kwa mikokoteni, matope, mafuriko ya mito na meli, kwa zaidi ya wiki 11. Alifika Julai, mwezi ule ule ambao Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana Zanzibar na bara yake, wakati Wajerumani walikuwa wamekwisha weka boma Mpwapwa mwaka uliotangulia. Kisiwani alikaa miezi mitatu. Alichapisha kadi za sensa, akaingia nyumba kwa nyumba, kambi kwa kambi, akaandikisha watu karibu 10,000: jina, umri, dini, mwaka wa kuletwa, kama anajua kusoma, anaishi na nani. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Kitabu kilichotokana na safari hiyo, Kisiwa cha Sakhalin, kilitoka kikiwa kamili mwaka 1895. Ni kitabu kikavu, cha takwimu na maelezo ya vyoo, mikate na makaburi, na ukavu huo ndio nguvu yake. Katika sura moja mfungwa anachapwa viboko 90. Kabla ya adhabu daktari anampima moyo, ili aandike ni viboko vingapi mtu huyo anaweza kuvistahimili. Chekhov, daktari naye, alitazama, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Hakuna sentensi ya hasira. Msomaji anaachiwa daktari yule na kipimo chake cha moyo.

Njia ya kurudi ilipita baharini: Hong Kong, Singapore, Colombo, kisha Bahari ya Hindi hadi Suez, na Desemba 1890 akashuka Odessa. Ndiyo mara pekee katika maisha yake alipoogelea katika bahari yetu, na kwa kamba iliyotupwa kutoka melini. Safarini walikufa watu wawili wakazikwa baharini, na kutokana na tukio hilo aliandika Gusev, hadithi ya askari mgonjwa wa kifua anayerudi kwao kutoka Mashariki. Gusev anakufa njiani. Anashonwa ndani ya kitambaa cha tanga, anafungiwa vyuma miguuni, anaombewa, ubao unainuliwa, anateleza. Hadithi haikomi hapo. Inamfuata chini ya maji, samaki wadogo wakimzunguka, papa akija polepole, akikichana kitambaa kwa tahadhari. Halafu inapanda juu, inatazama mawingu ya machweo na rangi za bahari. Kabla yake waandishi wengi wangeifunga hadithi kwenye sala ya maiti.

Colombo alinunua pia nguchiro. Watu wa Mpwapwa wanaomjua mnyama huyo kwa kuiba mayai wangemshauri vingine. Nyumbani Moscow mnyama huyo alifukua vyungu vya maua, akavunja vyombo, akapanda juu ya wageni, na mwenzake aliyeuzwa kama nguchiro akagundulika kuwa mnyama wa jamii ya fungo. Mwaka 1892 Chekhov aliandikia bustani ya wanyama ya Moscow kuomba wampokee.

Kati ya 1891 na 1892 njaa kubwa ilipiga mikoa ya Volga. Wakulima walikuwa wakiuza farasi wao kwa bei ya kutupa ili wanunue nafaka, na mkulima asiye na farasi hatalima masika yakija. Njaa ya mwaka huu inazaa ya mwaka ujao. Chekhov na rafiki yake mmoja walichangisha fedha za kununua farasi hao, kuwalisha majira ya baridi na kuwarudisha kwa wenyewe wakati wa kilimo. Ugogo inaijua hesabu hiyo. Njaa ya Mtunya, ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilianza hivyo hivyo: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua ilipokataa, kaya hazikuwa na cha kuuza wala mikono ya kulima. Ugogo haikupata wa kununua mifugo na kuirudisha.

Mwaka 1892 Chekhov alinunua shamba huko Melikhovo, kusini mwa Moscow, akahamia na wazazi na dada yake Maria. Kipindupindu kilipotishia mwaka huo, alikubali kuwa daktari wa eneo bila mshahara: vijiji 25, viwanda vinne na nyumba moja ya watawa. Asubuhi wagonjwa walijipanga uani kabla hajaamka. Akajenga shule tatu za msingi katika vijiji vya jirani, akizichora mwenyewe na kusimamia mafundi. Katika Wodi Na. 6, iliyotoka mwaka huo, daktari wa mji mdogo anayejiambia kwamba mateso ni fikra tu anaishia kufungiwa katika wodi ile ile ya vichaa aliyoitelekeza. Mganga yeyote aliyewahi kukabidhiwa zahanati isiyo na dawa atatambua jinsi uvivu wa daktari huyo ulivyoanza: si kwa ubaya, kwa uchovu.

Umaarufu wake katika tamthilia ulianza kwa fedheha. Shakwe ilioneshwa Petersburg Oktoba 1896, na watazamaji walizomea hadi waigizaji wakashindwa kusikilizana. Chekhov aliondoka ukumbini, akatembea mitaani usiku, akaapa hataandika tena tamthilia. Tatizo halikuwa watu wale peke yao. Walizoea mchezo wenye shujaa, njama na kilele, na hapa wakaletewa watu wanaokunywa chai, wanaocheza karata na kupendana mkururo, kila mmoja akimpenda asiyempenda, huku bastola ikilia nyuma ya pazia. Desemba 1898 kikundi kipya cha Jumba la Sanaa la Moscow, chini ya Konstantin Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko, kiliuigiza mchezo ule ule kwa sauti ya chini, kwa vituo virefu vya kimya. Shangwe zilitikisa ukumbi. Shakwe akawa nembo ya kikundi hicho.

Mwaka 1899 kikundi hicho kilionesha Mjomba Vanya, na hapa Kiswahili kinapata kitu ambacho lugha nyingi za Ulaya hazina. Huko neno moja hutumika kwa kaka wa baba na kwa kaka wa mama. Kiswahili lazima kichague, na chaguo ni moja tu: Vanya ni kaka wa marehemu mama yake Sonya, ni mjomba. Shamba ni urithi wa mama huyo. Mjomba amelitunza miaka 25 kwa ajili ya mtoto wa dada yake, na faida yote akaituma kwa shemeji yake, profesa wa jijini ambaye sasa anakuja na mke mpya na wazo la kuliuza. Msomaji wa jamii yoyote inayojua uzito wa mjomba anaikuta tamthilia nusu imefunguka kwenye jina lake.

Ndani yake kuna ramani mbili. Ya kwanza inaletwa na Astrov, daktari wa wilaya anayepanda miti. Anamfunulia mke wa profesa ramani aliyoichora mwenyewe ya wilaya yao: ilivyokuwa miaka 50 iliyopita, misitu tele, paa na ndege wa majini, miaka 25 baadaye, mabaka, na sasa, karibu weupe mtupu. Anaeleza kwamba wala hakuna kilichojengwa mahali pa miti hiyo, hakuna barabara wala kiwanda wala shule. Mke wa profesa anasikiliza akiwaza mengine. Kwa nyanda za kati za Tanzania hotuba hiyo si ya kigeni. Mpwapwa ndiko watafiti wa miaka ya 1930 walikopima udongo unaoondoka na maji ya mvua kwenye ardhi iliyokwanguliwa, na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Astrov angekuwa na kazi ya kutosha.

Ramani ya pili imetundikwa ukutani katika ofisi ya Vanya. Ni ramani ya Afrika. Chekhov anaelekeza kwamba haina kazi yoyote kwa mtu yeyote mahali hapo. Katika sehemu ya mwisho, mambo yote yakiwa yamevunjika, Astrov akijiandaa kuondoka na asiwe na la kusema, anaisogelea na kusema maneno machache juu ya joto linaloweza kuwapo huko Afrika wakati huo. Kisha anakunywa pombe yake na kwenda. Wataalamu wa tamthilia wameyaandikia maneno hayo kurasa nyingi, kwa sababu ndipo ufundi wa Chekhov ulipo: mtu mwenye huzuni hazungumzii huzuni, huzungumzia hali ya hewa ya bara ambalo hatalifika. Msomaji wa Gulwe yumo ndani ya ramani ile. Kwake joto hilo ni la Oktoba na linajulikana, na kinachobaki kigeni ni yule daktari na theluji yake.

Dada Watatu, ya mwaka 1901, inakuja karibu zaidi. Mabinti wa ofisa wa jeshi aliyefariki wanaishi katika mji mdogo na ndoto yao ni kurudi Moscow walikozaliwa. Hawaendi. Mapema katika mchezo mgeni mmoja anashangaa kwa nini stesheni ya reli iko mbali na mji, kilomita 20 na kidogo, na hakuna anayejua sababu. Mpwapwa ina kisa kama hicho. Mji ule wa misafara ya zamani, wenye boma na misheni, ulikwepwa na Reli ya Kati, iliyopita kusini yake. Wenye safari wakawa hawana budi kuteremka Gulwe kwanza. Walimu na wauguzi waliopangiwa vituo mbali na kwao, wakaandika barua za uhamisho mwaka baada ya mwaka, wanawaelewa akina Olga, Masha na Irina bila kufundishwa na mhakiki.

Huko nyuma, Machi 1897, mapafu ya Chekhov yalimwaga damu katikati ya chakula kwenye mkahawa mmoja wa Moscow, na kujificha kukaisha. Alihamia Yalta, pwani ya Krimea, kwa sababu ya hewa, akajenga nyumba akapanda bustani. Mei 1901 alimwoa Olga Knipper, mwigizaji aliyecheza Masha. Yeye Yalta, mke jukwaani Moscow, ndoa ikawa ya barua zaidi. Mwaka 1902 alijiuzulu uanachama wa heshima wa Chuo cha Sayansi baada ya uteuzi wa Maxim Gorky kufutwa kwa shinikizo la mfalme. Bustani ya Micheri ilioneshwa Januari 1904, siku alipotimiza miaka 44. Ndani yake shamba la mabwana waliofilisika linanunuliwa na mfanyabiashara ambaye baba na babu yake walikuwa watwana wa shamba hilo hilo, wasioruhusiwa kuingia hata jikoni. Mjukuu wa Yegor hakuandika ushindi huo kwa kelele. Mnunuzi analewa, anacheka, anaona haya, na shoka zinasikika nje.

Chekhov alifariki tarehe 15 Julai 1904 katika Badenweiler, Ujerumani, baada ya daktari wake kuagiza shampeni. Mwili ulisafirishwa kwa treni hadi Moscow katika behewa la baridi lililoandikwa kuwa ni la chaza. Stesheni baadhi ya waombolezaji walifuata jeneza lisilo lake, la jenerali aliyetoka vitani Manchuria, wakishangaa kwa nini Chekhov anazikwa kwa bendi ya jeshi. Ni mwisho ambao angeuandika yeye.

Athari yake ni pana kuliko inavyoonekana, kwa sababu aliacha tabia badala ya mafundisho. Kabla yake hadithi fupi ilikuwa na fundo na ufunguo. Baada yake iliwezekana ianze katikati na iishe bila kufungwa. Katherine Mansfield alijifunza kwake, na Alice Munro wa Kanada, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2013, ameitwa mara nyingi Chekhov wa zama hizi.

Kwa fasihi ya Kiswahili mvutano ni mkubwa zaidi. Mwandishi mkubwa wa Ugogo, Mathias Mnyampala (1917–1969), ndiye aliyeikuza ngonjera: washairi wawili wanabishana jukwaani, mmoja anajua na mwingine hajui, na mwisho asiyejua anakubali. Baada ya Azimio la Arusha ngonjera zilisomwa shuleni na mikutanoni nchi nzima. Ni sanaa inayoamini kwamba watu wakisemezana watasikizana. Katika Dada Watatu Andrei, kaka yao, anamweleza tarishi mzee siri zote za moyo wake, na anaeleza sababu: mzee huyo ni kiziwi. Angekuwa anasikia asingemwambia. Haifai kusema sanaa moja ni ya juu kuliko nyingine. Ngonjera ilijenga taifa, na tamthilia ya Chekhov haikujenga kitu. Lakini mwandishi wa Kiswahili aliyechoshwa na hadithi zinazoishia kwenye funzo ana mlango hapo, na mlango huo hautaki aache lugha yake.

Urusi haikuwa ngeni kwa wasomaji wa lugha hii. Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Nikolai Gogol aliyemtangulia Chekhov kwa kicheko dhidi ya maofisa, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1979 kwa tafsiri ya Christon Mwakasaka. Na mwaka 1975 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamilisha riwaya yake Petals of Blood katika Yalta, katika nyumba aliyopewa na Umoja wa Waandishi wa Kisovieti, mji ule ule ilikoandikwa Dada Watatu. Ngũgĩ hakuandika kama Chekhov. Hasira yake ilikuwa wazi na hukumu yake pia. Hata hivyo Ilmorog, kijiji chake kikavu ambacho vijana wanakihama na serikali inakikumbuka wakati wa kura, ni jirani wa karibu wa miji ile ya Kirusi ambako treni haisimami.

Nyumba ya Chekhov huko Yalta iliachwa kama alivyoiacha. Dada yake Maria aliilinda kupitia mapinduzi na vita viwili, akaigeuza makumbusho na kuiongoza mpaka alipofariki mwaka 1957. Anayetaka kuanza kumsoma Chekhov asianze na tamthilia, ambazo zinahitaji jukwaa na waigizaji wanaojua kunyamaza. Aanze na Majonzi. Ni kurasa chache tu: treni ikiondoka Gulwe kwenda Kilosa, Iona atakuwa amekwisha mwambia farasi wake kabla ya Kidete.